Kamba Nane

Kamba ilikuwa ya mkonge, baba mdogo aliisokota mwenyewe, na urefu wake ulikuwa mita 20. Nina hakika na hizo 20 kwa sababu baadaye niliipima kwa rula ya mbao ya mita moja niliyoiazima shuleni, mdogo wangu akiwa ameshika ncha ya pili. Siku ya mvua ilikuwa inapungua kidogo, maana mkonge ukilowa hujikunja. Lakini siku ya kugawana ardhi jua lilikuwa kali. Ilikuwa Septemba 2003, mvua za kupandia hazijaanza, vumbi la Giteranyi, Burundi, limetanda hadi kwenye kope.

Sisi tulikuwa tumerudi miezi miwili nyuma. Nilivuka mpaka kwenda Ngara, Tanzania, tulipokimbia mwaka 1993, nikiwa mgongoni kwa mama, na nilivuka kurudi nikiwa na miaka 12, begi la madaftari begani na Kirundi cha kuungaunga mdomoni. Baba mdogo ndiye aliyebaki. Katika miaka hiyo 10 alilima itongo (ardhi ya ukoo) lote la babu peke yake, akalinda mipaka, akazika wazazi. Hakuna aliyemlaumu. Tuliporudi hakutufukuza, jambo ambalo wengi waliorudi wakati ule hawakulipata. Alisema tu, “Kaka, tugawane mbele ya wazee,” akaenda kuichukua kamba.

Vipande vilikuwa viwili. Kimoja kiko juu, kando ya barabara, kimekaa mraba. Kingine ni kirefu chembamba, kinaanzia chini ya hicho cha kwanza na kuteremka hadi bondeni, mahali ambapo udongo una unyevu hata mwezi wa Agosti. Bashingantahe watatu waliitwa, wazee wa mlimani wenye kauli juu ya mipaka, mmoja akiwa na fimbo yake ya intahe. Kamba ikazungushwa. Shamba la barabarani: mbili, mbili, mbili, mbili. Jumla nane. Shamba la kuteremka: tatu, moja, tatu, moja. Jumla nane.

“Nane kwa nane,” akasema mzee wa fimbo, akaipiga ardhi. Mtungi wa pombe ya ndizi ukaletwa, mirija ikaingizwa, mambo yakaisha. Baba mdogo akachukua la barabarani kwa kuwa nyumba yake ilikuwa upande huo. Sisi tukachukua la kuteremka.

Mama alikuwa amesimama pembeni, jembe begani, pamoja na wanawake wengine. Hakuulizwa kitu na hakusema kitu. Usiku, tukiwa tumeshalala (mimi sikuwa nimelala), nilimsikia akimwambia baba:

“Hayalingani.”

“Kamba nane kwa nane, si ulikuwapo?”

“Kamba nimeiona. Mimi naongea mbegu. La barabarani linakula makopo kumi na mawili ya maharage. Letu linakula manane na kidogo. Niliolewa hapa, nimeyapanda yote mawili kabla hatujakimbia.”

Baba akanyamaza. Alikuwa mtu wa kunyamaza.

Nilichokuwa nacho mimi ni daftari. Ng'ambo nilisoma hadi darasa la tano kwa Kiswahili, na mwalimu wetu alitukaririsha kama wimbo: mzingo wa mstatili ni urefu jumlisha upana, zidisha kwa mbili, eneo ni urefu mara upana. Nilikuwa napata vyema vyekundu mfululizo. Mstatili kwangu ulikuwa mchoro wa rula kwenye karatasi, wenye sentimita 6 huku na 4 kule, na haukuwa na uhusiano wowote na jembe. Nilipoingia shule ya Giteranyi, mwalimu aliandika ubaoni hesabu zile zile kwa Kifaransa, “longueur fois largeur”, nami nikakaa nyuma nimeduwaa, jibu ninalo ila sina lugha ya kulisema. Nilijibu kwa vidole.

Asubuhi baada ya kuyasikia maneno ya mama nilichora mashamba yote mawili, kipimo changu kikiwa kamba. La barabarani, kamba mbili kwa mbili. Nikachora mstari mmoja katikati kwenda chini, mmoja katikati kwenda upande: vikatokea vyumba vinne. La kwetu, kamba tatu kwa moja. Nikakata mara mbili: vyumba vitatu. Kila chumba ni kamba moja kwa kamba moja. Vinne kwa vitatu! Nikahesabu tena kwa mita, kwa kuwa sikuamini mchoro wangu. Mita 40 kwa 40 ni mita za mraba 1,600, yaani ari 16. Mita 60 kwa 20 ni 1,200, yaani ari 12. Mzingo wa yote mawili ni mita 160, sentimita kwa sentimita. Pengo la ari 4 lilikuwa limepita mbele ya watu wazima wote wale na fimbo moja, na hakuna aliyedanganya.

Nikamkimbilia mama. Nikamwambia amesema kweli, ila amekosea kidogo: kama lile linakula makopo 12, letu la robo tatu lazima lile 9, si 8 na kidogo. Nilikuwa na miaka 12 na nilipenda sana kuwa sahihi. Alinitazama, akaendelea kupepeta. “Labda daftari lako halijawahi kupanda,” alisema.

Baba nilimwonyesha mchoro jioni. Aliushika kwa muda mrefu, kisha akanikataza kuupeleka kwa baba mdogo. Sababu alizitoa mbili, na zote zilikuwa na uzito. Ya kwanza, kipande chetu kinafika bondeni, na katika upande huu wa kaskazini-mashariki, ambako mvua hukosekana bila haya, ari moja yenye unyevu inaweza kukulisha wakati ari mbili za juu zimekauka. Ya pili hakuisema yote. Wakati ule, kila aliyerudi kutoka Tanzania alikuwa na kesi ya ardhi au alikuwa anaelekea kuwa nayo, na ndugu walikuwa wanakatana mapanga kwa mstari wa migomba mitatu. Miaka mitatu baadaye, mwaka 2006, serikali iliunda tume nzima ya ardhi na mali nyingine, ile CNTB, kushughulikia migogoro ya aina hiyo. Baba aliona ari 4 ni bei nafuu ya kulala usingizi. Mimi sikukubaliana naye, na hadi leo sijui kama nakubaliana naye.

Baadaye nilikuja kugundua kwamba wazee wa mlimani kwetu hawakuwa wa kwanza kuingia mtego huu. Proclus, mwanafalsafa wa Kigiriki wa karne ya 5, alipokuwa anafafanua jiometri ya Euclid alitaja watu waliogawana mashamba na wenzao kwa kuangalia mzingo. Mjanja alimwachia mwenzake shamba lenye mzingo mrefu, akasifiwa kwa ukarimu, kumbe yeye amebaki na lenye eneo kubwa. Kabla yake Polybius, mwanahistoria, alishangaa kwamba watu hawaamini mji wenye ukuta mfupi unaweza kuwa mkubwa kuliko mji wenye ukuta mrefu. Sparta ilikuwa na mzingo mdogo kidogo kuliko Megalopolis, akasema, lakini kwa ukubwa ni mara mbili yake. Nilipoyasoma hayo nilifurahi isivyo kawaida. Nilitamani kumpelekea mzee wa fimbo habari kwamba Wagiriki nao walikunywa pombe ya ndizi ya namna hii, lakini alikuwa ameshafariki.

Mtego wenyewe una sababu. Mzingo unaonekana. Unautembea, unaupanda minyaa, mbuzi anauvuka, jirani anausogeza usiku kwa nusu hatua. Watu wanaokaa kwenye mipaka, wakipokea wageni na kuamua kesi, wanalijua shamba kwa mzingo wake. Eneo halitembelewi kwa namna hiyo. Unalijua ukiwa umeinama ndani yake, shimo baada ya shimo, mbegu mbili au tatu kila shimo, na mwisho wa siku unageuza kopo kuona kama kuna iliyobaki. Kwetu anayeinama hivyo ni mwanamke. Na kwa mila yetu mwanamke harithi itongo la baba yake, wala Burundi haijatunga sheria ya mirathi ya kumpa haki hiyo waziwazi. Siku ya kupima, mtu pekee aliyelijua eneo la mashamba yale mawili alikuwa amesimama nje ya mzingo.

Nimejaribu kulifikiria jambo hili bila kumfanya mama kuwa mtakatifu. Kipimo chake nacho kina kasoro: mwenye kubana mbegu na mwenye kuzitawanya hawatapata makopo sawa, na shamba lenye udongo mzuri watu hulipanda kwa msongamano zaidi. Lakini mkono ukiwa ule ule, kopo lile lile, mbegu ile ile, kasoro hizo hujifuta zenyewe. Mkono wa mama ulikuwa ule ule.

Baba naye alikuwa na kipimo chake, alichotoka nacho Ngara. Kule hakuna anayesema ari wala hekta; wanasema ekari, na ekari ni hatua 70 kwa hatua 70. Hesabu hiyo imetoka kwa Waingereza na yadi zao. Yadi ina sentimita 91 na ushee, na mtu mrefu akitanua miguu anaifikia. Yadi 70 kwa 70 ni yadi za mraba 4,900, na ekari halali ni 4,840, kwa hiyo si vibaya kwa kipimo kisichohitaji chombo. Shida ni miguu. Baba alikuwa mfupi. Siku moja nilimwomba atembee kama anapima, nikaweka alama chini, nikapata sentimita 80 kwa hatua. Hatua zake 70 ni mita 56. Mita 56 kwa 56 ni mita za mraba 3,136, na ekari ni kama 4,047. Hatua imepungua sehemu moja kati ya nane tu, lakini shamba limepungua karibu robo, kwa sababu upungufu ule unaingia kwenye urefu na kisha unaingia tena kwenye upana. Baba alikuwa amekodi “ekari” ng'ambo kwa miaka kadhaa, akizipima mwenyewe kwa fahari. Nilipompa hesabu hiyo alicheka hadi akakohoa. “Ndiyo maana wenye mashamba walinipenda,” alisema. Kumbe wajanja wa kule, wakikodi shamba, huenda na rafiki mrefu.

Leo mimi ni mwalimu, na ninafundisha hesabu hizi hizi karibu na mlima huo huo. Kila mwaka naona kosa moja likirudi. Mtoto anajua kanuni zote mbili, ila akiulizwa swali anachukua iliyo karibu. Unamuuliza mbegu, anakujibu uzio. Nimeacha kuanza na kanuni. Naenda na uzi wa sentimita 80 uliofungwa ncha kwa ncha, tunaulaza uwanjani. Wanaunyoosha kwa vijiti vinne upate umbo la mraba, 20 kwa 20, wanajaza maharage ndani, punje kando ya punje, wanahesabu. Kisha vijiti vinasogezwa: 30 kwa 10. Uzi ni ule ule. Punje zinabaki nje. Tunasogeza tena: 35 kwa 5, zinabaki nje nyingi zaidi. Mwisho kuna mtoto mmoja mtundu ambaye lazima abane vijiti hadi nyuzi zigusane, na hapo haingii hata punje moja, na uzi bado una sentimita zake 80. Mwaka jana msichana wa mstari wa nyuma aliuliza, “Mwalimu, kwa nini basi baba zetu wanakata mashamba kuwa marefu?”

Swali lake ni zuri kuliko somo langu. Chukua lile shamba la 40 kwa 40 na uwagawie wana wanne. Ukilikata vipande vinne vya mraba, 20 kwa 20, mipaka ya ndani ina jumla ya mita 80. Ukilikata mistari minne mirefu, 40 kwa 10, mipaka ya ndani ni mita 120. Kila mpaka una njia au mstari wa miti isiyoliwa. Ukiupa nusu mita, umepoteza mita za mraba 60 badala ya 40. Kwa hesabu, mraba umeshinda. Lakini mraba mmoja utaangukia juu kwenye mawe na mwingine bondeni kwenye unyevu, na nani atakubali wa juu? Mstari mrefu unampa kila mmoja kipande cha mawe na kipande cha unyevu. Wazee walipoteza eneo ili wapate usawa, na walifanya hivyo wakijua. Tatizo linakuja wana wa wale wana wanapokata tena, na wajukuu tena, hadi mtu anamiliki utepe ambao jembe likigeuka limeingia kwa jirani. Nchi yetu yote ni kilomita za mraba 27,834 na haijaongezeka tangu niliposoma tarakimu hiyo darasani.

(Kuunganisha kunafanya kinyume chake. Sheria ya 2023 ilipunguza mikoa ya Burundi kutoka 18 hadi 5 na komine kutoka 119 hadi 42, na Muyinga yetu ikaingizwa pamoja na Cankuzo na Ruyigi katika mkoa unaoitwa Buhumuza. Niliwapa wanafunzi swali: mistatili mitatu inayogusana ikiunganishwa, kipi kinapungua na kipi kinabaki? Walinijibu vizuri. Mmoja akauliza kama na ushuru utapungua, nikamwambia hilo si la jiometri.)

Sheria ya ardhi ya Agosti 2011 ilifungua mlango wa ofisi za ardhi za komine, ambazo zinaweza kumpa mwananchi cheti cha shamba lake. Baba alikuwa amekwisha kuwa mgonjwa tulipoamua kupata cha kwetu, na alitaka kiwepo kabla hajaondoka. Wapimaji walikuja, majirani wakaitwa kushuhudia, baba mdogo akiwa wa kwanza, kofia mkononi. Karatasi ilipotoka niliisoma mara mbili. Ari 10 na sentiari 80.

Niliona wamekosea. Nilikuwa na ari 12 kichwani tangu nikiwa mtoto. Nilichukua futi kamba nikashuka shambani peke yangu. Pande ndefu: 60, na 60. Pande fupi: 20, na 20. Nikakaa chini kwenye ukingo wa bonde nikalitazama shamba kutoka chini kwenda juu, na hapo nikaliona. Halikuwa mstatili. Lilikuwa limelala upande, kama boksi lililokanyagwa. Fundi ujenzi yeyote wa Muyinga asingelikubali. Yeye kabla hajachimba msingi anavuta uzi wa 3, 4, 5 kwenye kona kuhakikisha imenyooka. Kamba ya baba mdogo ilipima pande na haikuuliza kona. Msambamba wenye pande za 60 na 20 una mzingo wa 160 kama mstatili, lakini upana wa kweli kati ya pande zile ndefu, ukiupima kwa kukata moja kwa moja, ulikuwa mita 18. Mara 60 ni 1,080. La baba mdogo lilikuwa na kona zake nzuri, likisaidiwa na barabara iliyonyooka.

Baba alifariki mwezi wa pili baada ya hapo. Cheti kina jina lake.

Nilimsomea mama karatasi hiyo jioni moja, yeye akiwa kwenye mkeka na ungo mapajani, anachambua maharage. Aliniuliza ari 10 na sentiari 80 ni makopo mangapi. Nikapiga hesabu kwenye kipande cha boksi: 1,080 gawanya kwa 1,600, zidisha kwa 12. Jibu likaja 8.1. Nikalitazama, nikalipiga tena.

“Manane na kidogo,” nikamwambia.

Hakuinua macho. Alitoa jiwe kwenye ungo, akalitupa mlangoni.

“Na kile kichuguu cha kona,” akauliza, “wamekitoa?”